Jepkorir na Karatasi ya Msamaha

Siku ya Jepkorir huanza na unga. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi huwa amekwisha kukanda. Madereva wa malori wakishuka Salgaa, kituo chao cha kupumzika barabarani, wanakuta chapati za moto hotelini kwake. Mdomo wake nao ni moto. Dereva akilalamika kwamba chai haina maziwa, humwambia, "Leta ng'ombe wako na lori, nitamkamua." Watu hucheka na kuagiza tena.

Mwezi wa Februari alikuwa akivuka uwanja wa malori na sinia la chapati. Lori moja lilirudi nyuma, wala hapakuwa na mtu wa kuliongoza. Lilimgonga na kumvunja mguu wa kulia.

Hospitalini walimtia chuma mguuni. "Mama, hiki chuma lazima kitolewe baadaye," daktari alisema. "Usipokitoa, hutatembea vizuri."

Dereva wa lori alikuwa Kabiru, mteja wake wa miaka mingi. Alikuja wodini akilia. Mbele ya pasta, Jepkorir alimshika mkono na kumwambia amemsamehe. Alimaanisha kila neno.

Aliporudi nyumbani na magongo, Kabiru alikuja tena. Safari hii alikuja na mtu wa ofisi ya mwenye lori. Walileta unga, sukari, mafuta ya kupikia na karatasi moja.

"Mathe, weka sahihi hapa tu," mtu wa ofisi alisema. "Ni ya kuonyesha mmesameheana."

Kipkemei, mumewe, alimpa kalamu. "Weka tu, Mama Kiplimo. Ulisamehe mbele ya pasta. Sasa tutaonekana aje tukianza mambo ya korti?"

Jirani yao Wangui alikuwa pale akimsaidia kumenya viazi. Wangui ni msaidizi wa kisheria. Kazi yake ni kuwaeleza watu haki zao.

"Ngoja kwanza," alisema. "Soma mstari wa mwisho. Kwa sauti."

Jepkorir alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. "Nimepokea fidia yote... na sitadai kitu kingine... milele."

Alinyanyua macho. "Milele? Kwa sukari?"

"Na pesa za kutoa hicho chuma cha mguu zitatoka kwa nani?" Wangui aliuliza.

Mtu wa ofisi alikumbuka ghafla kwamba ana haraka. Kabiru aliondoka akitazama chini. Jepkorir alimrudishia mumewe kalamu bila kuweka sahihi. Alikuwa amekasirika, lakini pia alikuwa na hofu.

"Wangui, nikishtaki, si Kabiru atafungwa?"

"Kesi ya fidia haifungi mtu. Lori haliruhusiwi barabarani bila bima, na bima ndiyo hulipa watu walioumia kama wewe. Kabiru umemsamehe, ni sawa. Matibabu bado ni haki yako."

"Na wakili?" Kipkemei aliuliza. "Kuna jamaa alikuja hospitali akitaka kitambulisho. Alisema ataleta pesa chap chap."

"Huyo ni broka, si wakili, Baba Kiplimo. Msimpe kitu. Jina la wakili wa kweli liko kwa orodha ya Chama cha Mawakili, na cheti chake ni cha mwaka huu. Tutaangalia kwa simu."

Walitafuta, wakampata wakili Chelagat wa Nakuru mjini. Jepkorir alibeba karatasi za hospitali, fomu ya P3 ya polisi ambayo daktari alijaza kuonyesha alivyoumia, na ripoti ya ajali kutoka kwa polisi. Chelagat aliandika makubaliano ya malipo yake na kumpa nakala.

"Sheria inakupa miaka mitatu kutoka siku ya ajali," alisema. "Lakini usikae. Mashahidi husahau."

Jepkorir aliuliza maswali mpaka wakili akacheka. Alitoka mle ofisini amejaa nguvu.

Kampuni ya bima iliomba karatasi zote, kisha ikakataa kulipa. Ilidai kwamba Jepkorir alijipeleka nyuma ya lori. Chelagat alifungua kesi, nayo ikachukua mwaka mmoja na zaidi. Siku ya kusikilizwa, Kabiru aliitwa kueleza. Jepkorir alimtazama.

"Nilirudi nyuma bila mtu wa kuniongoza," Kabiru alisema. "Huyu mama hakuwa na makosa."

Hakimu aliamuru Jepkorir alipwe. Fidia ilipofika, alirudi hospitalini na chuma kikatolewa. Baada ya wiki chache aliacha magongo. Alirudi hotelini, na mdomo wake nao ukarudi kazini.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alimvuta kando. "Wewe si ulimsamehe yule dereva? Mbona ulienda korti?"

"Kabiru aliniomba msamaha nikampa," Jepkorir alijibu. "Bima haikuniomba msamaha. Iliniomba karatasi, na nilikuwa nazo zote."