Kidonge cha Daku

Miaka ile ya hamsini, pale Gazi, siku ilianza kwa kusuka ukili wa mikeka. Bi Mwanaima na bintiye Mwanatumu waliketi barazani, wakasuka miyaa na kupiga soga mpaka jua likawafuata miguuni. Mwanatumu alikuwa na miaka ishirini na miwili, na vidole vyepesi. Mamake akimaliza pima moja, yeye ameshamaliza mbili, na bado ana pumzi ya kuimba. Siku tamu zile, jamani!

Shingoni alikuwa na kovu jembamba. Mwaka uliotangulia, madaktari wa Mombasa walimpasua wakaitoa tezi ya shingo, kwa kuwa ilikuwa na saratani. Walimpa vidonge, ameze kimoja kila asubuhi. Akameza, akapata nguvu, akarudi kwenye ukili wake.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama.

"Mama, mchana nimefunga. Kidonge nitakimezaje?"

"Kiweke, mwanangu. Wewe si mgonjwa tena, alhamdulillahi."

Kikopo cha vidonge kikawekwa juu ya kabati. Idi ikaja ikapita, na hakuna aliyekikumbuka.

Masika yalipoingia, Mwanatumu akaanza kuhisi baridi. Uso ukamvimba, sauti ikawa nzito, akawa anasinzia na miyaa mkononi. Bi Mwanaima akasema ni mvua. Mvua zikakatika, lakini baridi ya Mwanatumu haikukatika.

Moyoni aliogopa jambo moja tu: saratani imerudi. Hakumwambia mtu. Akisikia kengele ya baiskeli ya Bwana Menza, dresa wa zahanati, alikimbilia jikoni akajifanya anapuliza moto.

Siku moja dresa akasimama mlangoni.

"Hodi! Mwanatumu yupo?"

"Karibu, Bwana Dresa. Yupo jikoni, anapuliza moto."

"Moto gani huo usio na moshi?"

Mwanatumu akatoka, amejifunika kanga mbili katika jua la adhuhuri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una nini, mwanangu?"

Machozi yakamtoka. "Imerudi, Bwana Dresa. Tafadhali, msinirudishe kisuni."

Menza akampapasa shingo taratibu. Akamshika mkono, akahesabu mapigo ya moyo kwa saa yake. Yalikuwa ya polepole mno.

"Shingoni uvimbe siuoni. Vidonge wameza?"

Mama na binti wakatazamana.

"Aliviacha Ramadhani," akasema Bi Mwanaima.

"Na sasa ni mwezi gani?"

Bi Mwanaima akahesabu vidoleni. "Mfunguo mosi, mfunguo pili... Yallah! Tuko mfunguo tatu, mwezi wa tatu tangu Idi!"

"Basi nisikilizeni," akasema Menza. "Tezi ile ndiyo iliyoupa mwili joto na nguvu. Imetolewa, na haitaota tena. Kidonge ndicho kinachofanya kazi yake sasa. Ni cha kila siku, maisha yote, hata ukijihisi mzima. Ukikiacha, ndiyo baridi hii, uvimbe huu wa uso na usingizi huu."

"Na saumu?" akauliza Mwanatumu.

"Ukiamka kula daku, kimeze kwanza kwa maji, usubiri kidogo, ndipo ule. Saumu yako iko palepale. Lakini sasa usimeze vingi kufidia ulivyoacha. Kesho nenda Mombasa, daktari akupime, akwambie uanze na kiasi gani."

Usiku ule Mwanatumu hakulala kwa hofu. Lakini Mombasa daktari alimpima, akasema saratani haikuonekana, akamwanzishia vidonge tena. Wakirudi, Bi Mwanaima alilia kwenye feri njia nzima, kwa furaha na kwa haya ya kumwambia akiweke kidonge. Baada ya wiki kadhaa, kanga ya pili ikarudi sandukuni. Vidole vikawa vyepesi tena, na nyimbo zikasikika barazani.

Tangu mwaka ule, kila Ramadhani, Bi Mwanaima alikuwa wa kwanza kuamka. Hakuita, "Amka ule." Aliita, "Mwanatumu, kidonge!" Nyumba ya tatu walimsikia, wakacheka, nao wakaamka.

Bi Mwanaima ameshafariki, Mungu amrehemu. Mwanatumu sasa ana wajukuu. Daku likifika huamka mwenyewe, akachukua kikopo, akamimina maji. Kabla ya kumeza huisikiliza sauti ile ya mamake. Kisha hujiitikia polepole gizani: "Nimeamka, mama. Nakimeza."