Mimi au Nusu ya Kodi

Ngazi zilijaa watu kuanzia ghorofa ya nne hadi barabarani, utadhani juu kule kulikuwa kunagawiwa pepo. Kumbe ni fleti tu: vyumba viwili, jiko na bafu, kodi yake nafuu kidogo kuliko nyingine mtaani. Muuza dawa alikuwa ameaga duka la dawa kwa udhuru wa kuumwa jino. Alivaa gauni la bluu lenye mkanda mweupe, lile la usaili, maana alishajifunza kwamba wenye nyumba humkagua mtu nguo kabla hawajaitikia salamu. Alikuwa amechoka kulala sebuleni kwa shangazi yake, kila asubuhi akiamshwa na watoto wanaoruka godoro lake kwenda shule.

"Dada, unanikanyaga," sauti ilisema nyuma yake.

"Samahani, kaka. Na mimi nakanyagwa."

"Basi tukanyagane tu, tutafika."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye ovaroli ya kijivu na mikono iliyooshwa ikakataa kutakata. Akasema yeye ni fundi wa lifti.

"Ungetufungia moja hapa, basi."

"Ningekuwa nayo hapa, dokta, ningeshakupita zamani."

"Nani amekwambia mimi dokta?"

"Unanukia dawa."

Kabla hajamjibu, mama mwenye nyumba alitokeza, miwani ikining'inia kifuani. "Nasema mara moja, sirudii. Makapera sitaki. Mabinti wa peke yao sitaki. Nataka mke na mume wanaolipa mapema."

Watu wakaguna, wakaanza kushuka. Muuza dawa naye aligeuka, moyo umemzama. Ndipo Fundi alipomshika kiwiko.

"Mke wangu, jiko umelionaje?"

Alitaka kumpiga kibao. Lakini alilikumbuka godoro la sebuleni, ulimi ukamtangulia. "Dogo. Ila wewe mwenyewe hupiki."

Mama mwenye nyumba akavaa miwani. "Pete ziko wapi?"

"Mama," Fundi akasema kwa upole, "kwa kodi za mji huu, unauliza pete zimekwenda wapi?"

Mama akacheka, akawapa ufunguo.

"Kichaa wewe!" muuza dawa alimfokea walipobaki wawili.

"Kichaa mwenye ufunguo. Chagua chumba, Dokta. Kodi nusu kwa nusu, na kila mtu na kitasa chake."

Ndivyo walivyoanza. Kila mtu alikuwa na sufuria yake na sabuni yake, na mlangoni mwa bafu walipishana kwa "samahani" na "tafadhali, tangulia." Lakini jirani wa ukuta mmoja si jirani wa mtaa mwingine. Maji yakikatika, Fundi alipanda na ndoo ngazi zote nne, akihema na kulaani waliojenga ghorofa bila lifti. Akiteguka mkono, Dokta alimkanda na kumgombeza. Sufuria zikapungua hadi ikabaki moja jikoni. Mchana mmoja Fundi akampigia simu kazini.

"Duka la dawa, nikusaidie nini?"

"Nina ugonjwa."

"Unaumwa wapi?"

"Nikikaa mbali na nyumbani moyo unanienda mbio."

"Kunywa maji, mpenzi," alisema, kisha akagundua amesema nini, mbele ya wateja watatu. Akakata simu, uso unamwaka.

Raha haikukaa sana. Mama mwenye nyumba alipandisha kodi, tena si kidogo. Wiki hiyohiyo Fundi alimshika mkono wakiwa jikoni, akamwambia, "Tuoane, Dokta. Kweli, si kwa ajili ya mama huyu." Dokta alimwomba siku mbili za kufikiri, ingawa jibu alikuwa nalo tayari. Alitaka tu kulionja peke yake kwanza.

Jioni ya pili alirudi mapema, amejifunga kitambaa kipya cha kichwa. Fundi alikuwa kibarazani, amempa mgongo, anaongea na kaka yake kwenye simu.

"Kaka, bila yeye mimi hapa sikai. Kodi imepanda. Akinikatalia huyu, narudi kulala sakafuni kwako."

Muuza dawa alisimama palepale, mkoba begani. Fundi alipogeuka alimkuta anamtazama kama mgeni.

"Naomba nikuulize, na unijibu ukweli. Unanipenda mimi au unapenda nusu ya kodi?"

"Dokta, hukusikia yote."

"Nijibu."

Angeweza kudanganya, lakini hakuwa mtu wa kudanganya mambo makubwa. "Sijui kuvitenganisha," akasema. "Wewe na nyumba nimewapata siku moja. Nikiwaza hapa nakuwaza wewe. Nikikuwaza wewe nawaza hapa. Sasa nikate wapi?"

Kwa muuza dawa lile halikuwa jibu. Alilia akifungasha. Akaacha fungu lake la kodi ya mwezi chini ya birika, asije akasemwa, akarudi kwa shangazi.

"Kuna nini, mwanangu?" shangazi alimuuliza akimtandikia.

"Nimetoka kwenye nyumba, shangazi, nione kama atanifuata mimi au ataifuata nyumba."

"Haya. Ila watu wengine huwa hawafuati. Jiandae na hilo."

Fundi alipiga simu, yeye hakupokea. Akapiga tena na tena, kisha akaacha. Kimya kile kikamla kuliko simu zenyewe. Usiku alijipa hoja: bila shaka ameshapata mpangaji mwingine, chumba changu kina mtu, na mtu huyo anatumia sufuria yetu.

Mwezi ulipokwisha simu ikaita dukani. Alikuwa mama mwenye nyumba.

"Binti, mume wako amehama jana."

"Mama, yule si..."

"Najua si mume wako. Nilijua tangu wiki ya kwanza nilipokuja kukagua bomba. Watu wa ndoa hawaombani radhi mlangoni mwa bafu. Nilinyamaza kwa sababu mlilipa na mlikuwa na adabu. Nilimwambia alete rafiki yake waendelee kuchangia, nitafumba macho. Akakataa. Anasema kile chumba ni chako. Nikamwambia basi lipa kodi yote peke yako. Hakuweza. Amebeba godoro lake amekwenda."

Hakuomba hata udhuru wa jino. Alivua koti jeupe akatoka.

Alimkuta kazini, chini ya jengo refu la vioo, lifti imefunguliwa matumbo, wenye suti wamesimama wakitazama saa. Fundi alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amekonda.

"Unalala wapi?"

Aliinua uso, spana ikamponyoka. "Sakafuni kwa kaka."

"Kwa nini hukuleta mtu? Ungebaki."

"Ningeleta mtu, ungekuwa umesema kweli. Nyumba ningekuwa nayo, wewe ningekukosa moja kwa moja." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Sasa nimekosa vyote, na ninayemlilia ni wewe. Nimeshajua pa kukata."

"Fundi, lifti!" mmoja wa wenye suti akaita.

"Panda ngazi, mzee wangu, ni afya," muuza dawa akamjibu, machozi yanamtiririka.

"Sina pa kukuweka, Dokta. Nipe muda nitafute chumba, ndipo nije kuposa."

"Njoo kwanza. Chumba tutakitafuta tukiwa wachumba, tusidanganye mtu tena."

Fundi alikuja kwa shangazi Jumapili na kaka yake, shati jeupe limenyooshwa pasi hadi linakata. Watoto walipangwa kitandani, kaka akapewa kiti, Fundi akakaa juu ya godoro lililokunjwa. Shangazi alimhoji kuhusu kazi, wazazi na tabia, akakubali posa, kisha akauliza, "Mtaishi wapi?"

Wiki nzima walikuwa wamezunguka, na kila mlango uliwashinda bei.

Jioni ilipofika muuza dawa alimsindikiza Fundi hadi njia panda. "Tukikosa?" alimuuliza.

"Tutakosa wote wawili."

Walishikana mikono muda mrefu kuliko ilivyofaa barabarani, kisha kila mmoja akaenda alikotoka. Aliporudi, shangazi alikuwa anatandika magodoro, moja juu ya kizingiti kabisa.

"Mwambie mchumba wako Jumapili ijayo aje," shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Ila aje na kiti chake."