Majani ya Mtaroni

Kila Alhamisi nikitoka chuo cha Kurani sipiti nyumbani. Nampa mdogo wangu mkoba anipelekee, nami nakwenda moja kwa moja kwa Bi Ruqaiyabai, hapa hapa mtaani kwetu Jadida, mjini Wete. Yeye ni bibi yake Rumana, mbasi wangu, rafiki ninayekaa naye deski moja skuli. Wazee wake walitoka Gujarati, India, zamani sana, lakini yeye kazaliwa Wete, na akifungua mdomo ni Mpemba mtupu. Ukumbini kwake kuna kabati la vitabu: vya hadithi, vya wanyama, vya nchi za mbali. Watoto wa mtaa tunaruhusiwa kusoma na kuazima. Sharti lake ni kuosha mikono kwanza.

Tukishasoma, tunakula. Na kula kwenyewe, acheni! Sinia kubwa linawekwa juu ya kistuli, tunakaa duara, kila mmoja anaonja chumvi kidogo kwanza, kisha ndiyo tunaanza. Siku moja ni kichri ya mchele na choroko, siku nyingine kachori za moto. Hanyanyuki mtu mpaka sinia limekuwa jeupe, hapana hata punje inayobaki. Mwanzo nilicheka. Sasa hata nyumbani kwetu namkaripia kaka yangu akiacha wali.

Chakula nikipendacho zaidi kinaitwa patra. Ni majani ya majimbi yaliyopakwa unga wa dengu, ukwaju na binzari, yakaviringishwa, yakapikwa kwa mvuke, kisha yakakatwa vipande na kukaangwa kidogo na ufuta. Sisi kwetu tunachemsha jimbi lenyewe, majani tunatupa. Kwa Bi Ruqaiyabai majani ndiyo yenye kazi.

Mwezi wa likizo, Bi Ruqaiyabai alituambia kwamba mwanawe, Bwana Noorali mwenye duka la vyombo, baba yake Rumana, atatupeleka kutembea kwa gari lake. Tutaingia msitu wa Ngezi, kisha tutakula pwani ya Vumawimbi. Tulipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Nitapika patra," alisema. "Lakini nani ataniletea majani?"

Mimi nina domo, nakubali. "Niachie mimi, Bibi! Bibi yangu Bi Time yuko Gando, majimbi kapanda shamba zima."

"Ahsante, Rahma. Lakini nisikilize vizuri. Nataka yale yaliyopandwa, yenye kikonyo cheusi cha zambarau, na jani liwe changa. Mwambie Bi Time ayachague mwenyewe. Yako mengine yanafanana sana na hayo, lakini yanawasha."

"Nimefahamu, Bibi."

Nilifahamu kweli. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Sikukosea kwa kutojua.

Safari ilikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi mama alinipa nauli ya kwenda Gando. Nilikuwa nimeazima kitabu cha msichana aliyepotea mlimani, na zilibaki kurasa kama thelathini. Nikajilaza mkekani nisome kidogo tu. Kidogo ikawa adhuhuri. Adhuhuri ikawa alasiri. Nilipofunga kitabu, msichana kesha kuonekana, na mimi gari la Gando limeshanipita.

Nyuma ya nyumba zetu kuna mtaro, na pembeni mwa maji yale yameota majimbi mwitu, majani mapana kama masikio ya tembo. Nikachukua kisu. Vikonyo vyake vilikuwa vya kijani kitupu. Nikavikata vyote nikavitupa majini, ili rangi isionekane. Vidole vilianza kuniwasha pale pale. Nikajipaka mafuta ya nazi, nikajiambia moto utayatengeneza.

Bi Ruqaiyabai aliyapokea kwa mikono miwili. Macho yake yana ukungu siku hizi, aliyageuza geuza karibu na uso.

"Mbona mmeyakata vikonyo?"

"Bi Time ndiye aliyekata," nilisema. "Tena anakusalimu sana."

"Na iwe salama juu yake! Ngoja." Akaingia ndani, akatoka na kopo la nankhatai, biskuti zake za siagi na iliki. "Mpelekee, mwambie zimetoka kwangu."

Nikaondoka na kopo, malipo ya salamu ambazo sikupewa na mtu. Kopo nililisukuma chini ya kitanda.

Jumapili ilikuwa nzuri mno. Ngezi tuliona kima wakirukaruka juu ya miti, na Suhail, mdogo kuliko sote, wa miaka saba, aliwaita wote kwa majina ya watoto wa mtaani. Vumawimbi tukaogelea mpaka vidole vikakunjamana. Kisha mkeka ukatandikwa, masinia yakapangwa, chumvi ikapita mkono kwa mkono. Tulikuwa watoto kumi na wawili. Patra zilinukia, na ufuta ulikuwa juu yake. Wenzangu walizivamia. Mimi nilichukua kipande nikakishika tu.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Sameer, kaka yake Rumana. Halafu Rumana akashika koo. Halafu Suhail akatoa ulimi nje, akaanza kulia, "Inachoma! Inachoma!" Ghafla pwani nzima ilikuwa kilio na kutema mate. Bwana Noorali alikimbia huku na huku akigawa mtindi na maji. Midomo ya Suhail ilivimba, na kwa muda wa saa nzima Bi Ruqaiyabai alimpakata akimpepea, akirudia maneno hayo hayo.

"Nisameheni, wanangu. Nisameheni. Ukwaju wa kuua muwasho nilitia, nakumbuka nilitia. Au sikutia? Hata sikuonja! Miaka hamsini sionji, najua mkono wangu."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na kipande chote mkononi. Ningesema neno moja tu. Nikakifukia mchangani.

Jioni hiyo uvimbe ulikwisha, lakini maneno yalianza. Wazazi walikuwa na hasira, na nani angewalaumu? Dukani nilimsikia Bi Asma, mama yake Suhail, akisema, "Bi Ruqaiyabai kishazeeka, maskini. Macho hayaoni, anatia asichokijua. Mwanangu haendi tena kule." Wengine wakaitikia. Alhamisi iliyofuata hakwenda mtoto hata mmoja, na kabati likafungwa.

Rumana alinieleza tukiwa kibarazani kwetu.

"Baba kamwambia Bibi apumzike, asiingie tena jikoni. Unajua alifanya nini? Kampa mama kisanduku chake cha viungo. Kasema, 'Chukua, mikono yangu imekufa.' Hali vizuri, Rahma. Anakaa dirishani tu."

Nilitazama chini. Rumana alidhani ninamhurumia, akanishika mkono. Ule mkono wake ulinitesa kuliko angenipiga kofi.

Nilikaa hivyo, siku tisa tangu Vumawimbi. Nikifungua kitabu, naona macho yenye ukungu yakichungulia majani. Siku ya kumi nilimwambia mama nakwenda Gando. Nilichomoa kopo chini ya kitanda, nikakuta sisimizi wameshalivamia.

Bi Time alikuwa akipalilia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikaanza kulia kabla ya kusema. Nilimwambia yote, tangu kitabu mpaka sisimizi. Alisikiliza, jembe liko mkononi.

"Salamu zangu umezitoa wapi?" aliuliza.

"Nilizitunga, Bibi."

"Umenitia mdomoni maneno nisiyoyasema, ukamlisha bibi wa watu sumu kwa jina langu." Sauti yake ilikuwa ndogo, afadhali angenigombeza. "Na kutwa mwenzangu yuko dirishani anajiona hafai, na we umenyamaza? Loo, Rahma!"

Alinikatia majani mazuri, machanga, kila moja na kikonyo chake cha zambarau, akayafunga kwa kamba ya mgomba.

"Twende wote, Bibi," nilimwomba. "Naogopa."

"Siendi. Uongo ulikwenda kuusema peke yako. Na kweli ukaiseme peke yako."

Kutoka kituoni Wete mpaka nyumba ile ni dakika kumi. Mimi ilinichukua nusu saa. Nilimkuta Bi Ruqaiyabai dirishani kweli. Bwana Noorali alikuwa akinywa chai, na Rumana alikuwa pale.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo hapana cha kula hapa."

Niliweka majani mapajani pake, nikapiga magoti.

"Bibi, haya ndiyo ya Bi Time. Yale sikuyatoa Gando. Niliyakata mtaroni, na vikonyo nilivikata mimi usivione. Nilijua. Ulitia ukwaju, Bibi. Ulipika sawasawa. Kosa ni langu."

Rumana alisimama. "Na mimi nimekushika mkono!" alisema, akaingia chumbani, mlango ukagonga.

Bwana Noorali aliweka kikombe chini taratibu. Alimtazama mama yake, na uso wake ulibadilika, maana na yeye alimfukuza jikoni bure.

Bi Ruqaiyabai alikuwa akipapasa kikonyo kimoja kimoja kwa vidole. "Basi si mikono yangu," alisema. Akaanza kulia, kimya kimya, huku anatabasamu. Natamani nisingeyaona machozi yale, lakini nilistahili kuyaona.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini mimi ni mmoja. Watoto waliowashwa ni kumi na mmoja, na wazazi wao wanasema ninayoyajua. Utakwenda nyumba kwa nyumba, uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

Nilikwenda. Mama nilimwambia yote, akanisindikiza, akasimama njiani kila mara, uso wake umeiva kwa haya. Wengine walinisamehe, wengine waliniangalia tu. Mzee mmoja aliniita ndani niyarudie maneno yale mbele ya watoto wake wote. Kwa Bi Asma, Suhail alisikiliza akiwa nyuma ya kanga ya mama yake, kisha akauliza, "Kwa nini hukula na wewe?" Mama yake alijifunika buibui, akaenda mwenyewe kumtaka radhi Bi Ruqaiyabai.

Alhamisi ikafika. Nilikwenda nikakaa karibu na mlango, sikuwa na uso wa kukaa pengine. Nyumba ilijaa watoto, na jikoni palikuwa na mlio wa ufuta. Bi Ruqaiyabai alitoka akifuta mikono, akaketi mbele yangu.

"Rahma, kukata majani kulikuwa uvivu wa siku moja," alisema. "Midomo ya Suhail imepoa, koo la Rumana limepoa. Lakini siku kumi ulizonyamaza, mimi nilikuwa nalibeba kosa lako nikidhani ni langu. Na nyinyi wote nisikilizeni. Ukikosea, sema mapema. Ukinyamaza, kosa haliondoki, anabebeshwa mwingine asiyejua, na mara nyingi ni yule anayekupenda."

"Nimesikia, Bibi," nilisema, na safari hii sauti yangu ilitoka.

Rumana alinigeukia. "Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

Akasogea kidogo mkekani, akaniachia nafasi.