Kibali cha Fundi Kitwana

Siku ya soko mjini Singida, mwaka wa hamsini na tatu, ndama alikata kamba akapita katikati ya watu kama mwenye wazimu. Mwantum binti Haji alirukia baraza la duka la nguo, pindo la baibui lake likanasa kwenye msumari na kuchanika.

"Simama hapohapo, dada, nikushonee," alisema fundi cherehani wa barazani. "Bure."

"Kwa nini bure?"

"Ukilipa, utakosa sababu ya kurudi kunishukuru."

Mwantum alicheka, kiganja mdomoni. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Fundi huyo aliitwa Kitwana, Mngazija mrefu, mpole, aliyeletwa na tajiri wa duka miaka minne nyuma. Baada ya miezi minane walikuwa wakiitana mpenzi, lakini kila Mwantum alipouliza habari za posa, Kitwana aliinamia cherehani.

"Una mke kwenu Ngazija!" Mwantum alimaka siku moja.

"Sina, wallahi."

"Basi usinijue tena."

Wiki nzima hakupita pale. Siku ya nane Kitwana alimfuata sokoni, akatoa karatasi mfukoni.

"Hiki ndicho kibali changu. Kina jina la tajiri. Akiniacha, au nikimwacha, nina siku kumi na nne za kuondoka nchini. Na ameshaniambia, nikioa ananiacha. Eti fundi mwenye mke hutaka kwenda nyumbani jua likizama."

"Ndiyo maana unashona hata saa ya sala ya Ijumaa? Anakutukana, unanyamaza?"

"Ndiyo maana."

Macho ya Mwantum yalijaa machozi ya hasira. "Sheria gani hii ya kumpa mwenye duka ndoa yangu aifungie kabatini? Lete posa kesho, Kitwana!"

Mzee Haji aliwaozesha. Wiki haikwisha, tajiri akaenda bomani, na Kitwana akaitwa. Mwantum alikwenda naye.

Bwana Shauri, afisa wa serikali pale bomani, hakuinua macho. "Mtu huyu hana mwajiri. Atarudi kwao."

"Ana mke, bwana."

"Wewe ni mwenyeji. Hakuna anayekufukuza."

"Kumfukuza mume wangu si kunifukuza mimi?"

"Sheria haisemi hivyo," alijibu, akagonga mhuri.

Siku ya kumi na nne, askari Naftali, Mnyiramba wa Misigiri, alikabidhiwa Kitwana amfikishe kwenye treni Manyoni. Lori lilikuwa limeshawashwa pale sokoni Mwantum alipotokea na kanga mpya na furushi la nguo kichwani. Akapanda.

"Shuka, dada," Naftali alisema. "Karatasi ina jina moja."

"Shuka, mpenzi," Kitwana alimsihi. "Bandarini watakuzuia. Huna pasi."

"Wanizuie! Watanirudisha wapi, na hapa ndipo kwetu? Wakitaka kututenganisha watanibandua kwako kwa mikono yao, watu wakiwatazama. Mimi sitawarahisishia kazi kwa kubaki nyumbani nikilia."

Watu wa soko walisogea kulizunguka lori. Naftali aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Dereva," alisema, "twende."

Lori likashika njia ya Mkiwa. Mwantum aliketi juu ya magunia ya karanga, ameshika mkono wa mumewe waziwazi, na hakuuachia.