Namba Zilizonyooshwa

Kila asubuhi ya zamu yake, Faudhia alimaliza chai, akashuka hadi ufukweni na kipimajoto cha shule alichokizungushia kitambaa. Alikitumbukiza majini kando ya jiwe lile lile, akahesabu hadi mia mbili, akasoma, akaandika daftarini kwa penseli. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walishamzoea. "Mganga wa maji, ziwa limeamkaje leo?" walimtania, naye akawatajia namba.

Kazi hiyo aliifanya kwa zamu na Jofrey, wiki yake, wiki ya mwenzake. Wote walikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Musoma, marafiki tangu darasa la kwanza. Wakipima vizuri kwa wiki nane, jedwali lao lingekwenda kwenye maonyesho ya sayansi Bunda, nao wangekwenda nalo. Faudhia aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Fomu ilitoka kwa waandaaji ikiwa imechapwa tayari: tarehe, nyuzi joto, na juu kabisa muda wa kupima, 1:00.

Mwalimu Ephraim aliwatia moyo kwa habari za Johannes Kepler. "Mjerumani huyu wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita alisomea uchungaji, akaishia kufundisha hisabati," alisema. "Aliamini Mungu aliumba ulimwengu kwa vipimo na mpangilio, na anayechunguza mbingu anazisoma fikra za Muumba. Ndiyo maana alihangaika miaka kutafuta njia inayopitwa na sayari ya Mirihi." Kengele ikalia, watoto wakakimbilia uji, habari ikakatikia hapo.

Faudhia alitoka kifua mbele. Madrasa nako ustadhi alikuwa amewafundisha kwamba Mwenyezi Mungu kaumba kila kitu kwa kipimo. Kumbe hata wakubwa wa sayansi waliamini hivyo hivyo.

Wiki ya nane ilipoisha, alikaa kuzinakili namba zote kwenye fomu. Wiki zake zilisoma ishirini na nne, ishirini na tano. Wiki za Jofrey zilisoma ishirini na saba, ishirini na nane. Joto la maji lilipanda au kushuka kila Jumatatu kana kwamba ziwa linajua zamu ni ya nani. Ulimwengu wa Mungu una mpangilio, aliwaza, kwa hiyo fujo hii ni ya Jofrey. Alichukua raba, akafuta namba za mwenzake daftari zima, akaandika nyingine zinazofanana na zake. Jedwali likapendeza.

Kesho yake alimkabili. "We Jofrey, kumbe ulikuwa unapika namba?"

"Nipike za nini? Mimi nilikuwaga naenda kila siku."

"Maji yawe baridi kwangu, kwako ya moto?"

"Sijui. Ndivyo nilivyosoma."

Swali moja tu lingetosha kumaliza mambo, lakini Faudhia hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa na haja ya kusema, na akasema, kwa Gloria, kwa Benson, kwa kila aliyekuwa na masikio. Kufikia mchana Jofrey alikuwa na jina jipya. "Mpishi, leo umetupikia nini?" Waliimba hivyo wiki nzima. Jofrey, aliyekuwa mchekeshaji wa darasa, akahamia dawati la nyuma, akanyamaza.

Zikiwa zimebaki siku mbili kwenda Bunda, Mwalimu Ephraim alilikagua jedwali. "Wiki nane, na maji hayajabadilika hata kidogo? Jofrey, ulikuwa unapima saa ngapi?"

"Saa saba mchana, Mwalimu, nikishakula. Si fomu imeandika 1:00? Kwenye simu ya dada hiyo ndiyo saa saba mchana."

Faudhia aliisoma tena ile 1:00 kwenye fomu. "Mimi nilipima saa moja asubuhi," alisema.

Darasa lote lilimgeukia. Mwalimu aliomba daftari lenye namba za kwanza. "Nilizifuta. Nilidhani ziwa la Mungu haliwezi kuwa na fujo," Faudhia alijibu, na kwa mara ya kwanza akaona alichokifanya. Namba za Jofrey zilikuwa za kweli zote.

Mwalimu aliketi. "Habari ya Kepler sikuimaliza, na hilo ni kosa langu. Yeye naye alitaka njia ya Mirihi iwe duara, kwa kuwa aliliona kuwa umbo kamilifu. Lakini hesabu zake zikaachana na vipimo vya mpimaji hodari wa nyota kutoka Denmark. Tofauti yenyewe ndogo, kama robo ya upana wa mwezi mnavyouona. Angeifuta, nani angejua? Ila aliamini vipimo vile ni zawadi ya Mungu, akaona hana ruhusa ya kuvidharau. Akalitupa duara lake. Baadaye akagundua kuwa Mirihi hupita katika duaradufu, duara lililobonyea. Imani yake ilimfanya akubali kukosolewa. Wewe yako umeifanya raba."

Faudhia alisimama akaomba radhi mbele ya wote, machozi yakimtiririka. "Yaishe," Jofrey alisema, akatazama dirishani.

Jumamosi wenzao waliokuwa na kazi nyingine za sayansi walikwenda Bunda, wao wakabaki. Mwalimu aliamuru waanze upya, wapime asubuhi na mchana. Jofrey alikubali, kwa sharti moja. "Namba zangu nitakuletea wewe, Mwalimu. Siyo Faudhia."

Alipoondoka, Faudhia aliuliza, "Atarudi kuwa rafiki yangu?"

"Sijui, binti," Mwalimu alijibu. "Mungu hakukuomba umnyooshee ziwa lake. Usichokielewa, kiache kilivyo, kisha uulize; na mtu usiyemwelewa vile vile. Maji tutayapima tena kesho. Yale aliyoitwa Jofrey wiki nzima, hayo hatuna namna ya kuyafuta."