Watu wa Upande wa Kushoto

Majirani, wazazi wenzangu, na ninyi mnaolinganisha kamera hii na ile kwenye simu mpaka chai inapoa, ya leo inawahusu. Nimechoka kuisimulia, maana kila nikiisimulia watu hutikisa vichwa, wakasema "maskini mama wa watu," kisha wakarudi kwenye simu zao. Lakini nitaisimulia tena, kwa sababu nyumba za namna hii bado zipo.

Kulikuwa na mke na mume waliokuwa na studio ya picha katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukutani pazia jeupe, katikati kigoda cha kuzunguka, pembeni taa mbili zenye miavuli, na mlangoni kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vitatu vya kwanza vilishaondoka na wateja. Mke ndiye aliyepiga picha, na watu walimwita Mama Picha. Mtoto mchanga anayelia tangu nyumbani, yeye angemtuliza kwa dakika mbili na kumpiga picha ya pasipoti macho yakiwa wazi. Mume alikaa chumba cha nyuma na kompyuta na mashine ya kuchapisha. Alizisafisha picha, akazikata, akazitia kwenye bahasha. Kwa miaka kumi na minane asubuhi zao zilikwenda hivyo, yeye akiita "anayefuata!" na mume akijibu kwa mlio wa mashine, na watoto wao wawili wakasoma shule za bweni kwa jasho la chumba hicho.

Mume hakuwa mlevi wala hakuwa na mkono mwepesi. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda vifaa vya picha kupita kiasi. Alijua bodi ipi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni nyepesi, lenzi ipi hupitisha mwanga mwingi, na kampuni ipi lenzi zake hazikubali kukaa kwenye bodi ya nyingine. Mtaani walimwita Bwana Lenzi, na yeye alicheka akalipokea jina hilo kama cheo.

Siku moja alitoka chumba cha nyuma na picha ya familia ya watu tisa.

"Mama watoto, hebu njoo uone. Huyu shangazi wa pembeni umemkata nusu."

Mama Picha aliitazama. Kweli, upande wa kushoto kabisa palikuwa na mkono, pochi, na nusu ya uso uliotabasamu vizuri.

"Nilipochungulia sikumwona kabisa," akasema.

"Na juzi mlinzi wa benki na wenzake? Naye ulimkata. Kushoto vilevile."

"Baba watoto, nadhani ni jicho. Upande huo kama sioni vizuri."

Mume akacheka kwa upole, akamshika bega. "Jicho lako halina neno. Lenzi hii ni nyembamba. Hiyo bodi nayo ni ya zamani, kioo chake cha ndani kimechoka, kitundu cha kuchungulia kidogo. Mimi mwenyewe nikichungulia hapo naona kama niko ndani ya mtungi. Niachie mimi."

Mama Picha alitaka kusema neno jingine, lakini mteja alikuwa amekwisha kukaa kigodani na kujipangusa jasho. Akarudi kazini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa nia njema. Bwana Lenzi alianza kuchagua. Alichagua asubuhi, alichagua mchana, alichagua huku anakula. Aliamua wahamie kwenye kamera mpya zisizo na kioo ndani, zile ambazo mpigaji huona picha kwenye skrini ndogo kabla hata ya kubonyeza. Halafu likaja suala la bodi: kubwa au ndogo? Na lenzi: ya kuvuta au isiyovuta? "Bodi tutabadilisha," alikuwa akimwambia mkewe, "lakini lenzi tutakaa nazo miaka. Ndiyo maana sitaki kukosea." Mkewe aliitikia kwa kichwa. Wakati huo alikuwa ameanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kila siku bega lilelile.

Kliniki ya macho katika hospitali ya karibu ilikuwa Jumanne tu. Mama Picha akapanga kwenda. Jumatatu jioni ikaja lenzi mpya, pana, na mume akamwomba amsaidie kuijaribu kesho yake asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Wenye ugonjwa huu wa vifaa wanalijua jaribio lenyewe: unapiga picha ya ukuta wa matofali, kisha unaikuza kwenye kompyuta na kutazama kona zote nne kama zimeingia giza au ukungu. Mama Picha alisimama mbele ya ukuta wa jirani asubuhi nzima akipiga picha za matofali.

"Kona zinaingia giza kidogo," mume akalalamika kutoka dirishani. "Rudia. Sogea nyuma."

Jumanne ikapita. Lenzi ile ikarudishwa dukani, ikaja nyingine, na Jumanne nyingine ikapita namna ileile. Nyingine tena aliiahirisha Mama Picha mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na wateja. Tusimtwike mume mzigo wote. Mtu aliyechoka hupata nafuu akiambiwa kosa ni la kifaa.

Na kwa lenzi pana, shangazi wa pembeni hawakukatwa tena. Lenzi ilichukua hadi ukingo wa pazia na waya wa taa, na mume akapunguza kwenye kompyuta. Bodi mpya ilipofika ndiyo ikamaliza mjadala. Ilikuwa na kiboksi kidogo cha kijani kinachokimbilia jicho la mtu popote alipo kwenye picha na kulishika. Mama Picha hakuhitaji tena kutafuta fokasi, yaani ukali wa picha. Alinyanyua, akabonyeza, kiboksi kikafanya kazi yake.

"Umeona?" mume akasema akimwonyesha picha moja baada ya nyingine. "Si nilikwambia? Ilikuwa kamera!"

"Ndiyo," mkewe akajibu. "Ilikuwa kamera."

Alisema hivyo kwa sababu alitaka sana iwe kweli. Lakini usiku huohuo alimwaga uji wa moto mkononi akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Aliyelishtukia jambo hili alikuwa mdogo wake, fundi cherehani. Alikuja na gauni alilomshonea, akasimama kushoto kwake, akamnyooshea. Akangoja. Dada yake akaendelea kufuta lenzi kwa kitambaa.

"Dada, mkono wangu utakatika. Gauni hulitaki?"

Mama Picha akageuza kichwa chote. "Lo! Umeingia saa ngapi?"

Mdogo wake akaliweka gauni mezani. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake magoti kwa magoti. "Nitazame pua. Usihamishe macho. Nitasogeza mkono, wewe sema ukiuona." Akausogeza mkono kutoka pembeni polepole. Ulifika karibu na sikio la fundi mwenyewe ndipo dada yake akasema, "Huo." Upande wa pili, vilevile.

"Tangu lini?"

"Sijui. Hakuumi. Kungekuwa kunauma ningejua."

"Shemeji!" fundi akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma. "Mke wako haoni pembeni! Wiki hii anakwenda hospitali, nitampeleka mimi."

Bwana Lenzi akatokea, simu mkononi, amepigwa na butwaa kidogo. "Haoni vipi, shemeji? Njoo uone picha zake za juzi. Kali, hazina doa. Jumanne tuna kazi kubwa ya shule, tukiimaliza tu, tunakwenda sote."

Mama Picha naye akasema, "Ngoja tumalize ya shule, mdogo wangu." Fundi akaondoka amenuna, na alikuwa na haki.

Jumanne ikafika. Wanafunzi themanini wa mwaka wa mwisho walipangwa safu nne juu ya mabenchi, na Mama Picha akapanda juu ya meza ili awapate wote. Alikanyaga kwanza kiti kilichowekwa kushoto mwa meza, kisha meza. Akapiga picha kumi na mbili. Mume alikuwa chini akizitazama kwenye simu zikiingia, na furaha ikamjaa. Hakuna aliyekatwa. Macho mia moja na sitini, yote yameshikwa.

"Safi! Shuka, mama watoto!"

Mama Picha akageuka kushuka. Kiti kilikuwa palepale alipokiacha, ila yeye hakukiona. Akakanyaga hewa.

Wanafunzi wakapiga ukelele. Mwalimu mkuu ndiye aliyemfikia kwanza, akamwinua kichwa kutoka kwenye zege. Mume alifika mbio, akapiga magoti, akaiokota kamera, akaigeuza kwenye mwanga, akafuta vumbi kwa ncha ya shati. Kisha akamwinamia mkewe kwa mapenzi yote na kumwambia, "Usijali. Lenzi nzima."

Sitaki mumchukie. Aliamini kwa moyo wote kwamba hilo ndilo mkewe alilokuwa akilihofia. Lakini Mama Picha, akiwa pale chini na kifundo cha mkono kimeteguka, alimtazama mumewe, na machozi yakamtoka ambayo hayakuwa ya mkono.

Hospitalini walimfunga mkono, na mdogo wake, aliyeitwa na mwalimu mkuu, hakungoja ruhusa ya mtu. Akamshika dada yake bega, wakavuka ua mpaka jengo la macho. Mume akafuata nyuma na mkoba wa kamera.

Walimkalisha mbele ya mashine yenye bakuli jeupe. Akaambiwa atazame nukta ya katikati na abonyeze kitufe kila atakapoona mwanga mdogo ukiwaka popote. Nje, mume alihesabu mibonyezo kupitia mlango uliokuwa wazi. Kulikuwa na kimya kirefu kati ya mmoja na mwingine. Mara nyingine kimya kilirefuka mpaka akadhani mashine imezimika.

Daktari wa macho, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akaweka karatasi mbili mezani, moja ya kila jicho. Bwana Lenzi akazitazama, na hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameshatazama mamia ya picha za ukuta akitafuta kitu hichohicho. Katikati paliachwa kisehemu cheupe, na kona zote zilikuwa nyeusi.

"Hii ni presha ya macho," daktari akasema. "Mama, ulianza lini kutoona pembeni?"

"Nilianza kukata watu kwenye picha mwaka juzi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mwaka juzi."

"Tulidhani ni kamera," mume akasema. "Daktari, hakuna miwani? Au kioo cha jicho, nasikia siku hizi kinabadilishwa. Tutafanya lolote."

"Miwani haitasaidia, na kioo cha jicho lake hakina tatizo. Lenzi yake ni nzima. Kilichokufa ni mshipa unaopeleka picha ndani, na huo haubadilishwi. Nitampa matone ya kulinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi." Akamgeukia fundi. "Wewe ni ndugu yake wa damu? Basi kaa hapo, nawe nikupime."

Bwana Lenzi alitoka nje, akakaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba wa kamera magotini. Hakuufungua.

Studio bado ipo. Mama Picha hupiga picha za mtu mmojammoja, uso kwa uso. Picha za kundi zikija, mume husimama pembeni yake na kumtajia: kushoto yupo shangazi, mbele yake mtoto, kulia wawili. Mara nyingine humchosha, akamwambia, "Nyamaza kidogo, baba watoto," naye hunyamaza.

Mchana mmoja wateja wakiwa wamekwisha, mume alimuuliza jambo ambalo kwa miaka miwili yote hakuwahi kumuuliza.

"Niambie. Unaona nini?"

Mama Picha akafikiri. "Watu hudhani naona giza. Siyo giza, giza ningeliona. Ni kama hakuna kitu tu. Sasa hivi umesimama mbele yangu, nakuona mpaka kovu la kidevu. Sogea kushoto." Mume akasogea hatua moja. "Hapo," mkewe akasema taratibu, "hupo."

FUNZO

Ndugu zangu, presha ya macho haiumi. Huanzia pembeni, hula kimyakimya, na jicho moja hulifichia jenzake mpaka wakati umepita. Ukianza kugonga milango, kukosa vikombe, au kukata watu kwenye picha, nenda ukapimwe, na ndugu zako wa damu nao wapimwe. Yule fundi cherehani yake ilikutwa inaanza tu. Anatumia matone, na hadi leo anatunga uzi kwenye sindano bila kumuomba mtu.

Lakini ugonjwa wa nyumba ile haukuwa wa macho peke yake. Kuchagua bodi na lenzi si dhambi, na fundi mzuri huchagua kwa makini. Dhambi ni mtu wako kukwambia "sioni," nawe ukamtafutia kifaa. Kamera ile mpya ilikuwa nzuri mno, ikaifanya kazi yake na ya mgonjwa pia, ikamficha mgonjwa machoni pa watu wote, hata pake mwenyewe. Kwa hiyo mwenzako akikwambia jambo la mwili wake, weka simu chini na umuulize yeye kwanza. Muulize mapema, angali anakuona ukiwa umesimama pembeni yake.