Miezi Aliyoihesabu Koleta

Kila Jumamosi Koleta alifua nguo za mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe hakuwepo! Julieth, binti yake wa pekee, alishatimiza miaka mitano. Lakini Koleta alitoa kofia na soksi sandukuni, akazifua, akazianika uani kwake, mtaani Ipuli. Alitamani mtoto, jamani. Alimtamani hata usingizini.

"Zile sindano za uzazi wa mpango zimekukausha kizazi," jirani yake Advera alimwambia. "Kunywa unga huu wa mizizi, usafishe tumbo."

Koleta alilia. Sindano alichomwa kwa hiari yake, ili amlee Julieth vizuri. Je, alijifungia mlango mwenyewe? Akauchukua ule unga, lakini kabla ya kuunywa akaenda nao kliniki. Hapo alitumia akili.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Nesi Bertila aliunusa unga, akauweka pembeni. "Huu usinywe. Hatujui una nini ndani. Sindano ya mwisho ulichomwa lini?"

"Januari. Sasa ni Septemba. Miezi minane, nesi! Nimeharibika?"

"Hujaharibika hata kidogo. Sindano haiui kizazi. Inazuia mimba kwa miezi mitatu, na hata ikiisha, mwili huchelewa kurudi. Wengi hungoja miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi. Ulipaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza. Utusamehe. Na mumeo anafanya kazi gani?"

"Mayala ni mrina asali. Aliingia porini Mei, amerudi juzi."

Nesi Bertila akaangua kicheko. "Januari hadi Aprili sindano ilikuwa kazini. Mei hadi Agosti Mayala alikuwa na nyuki wake. Sasa hiyo mimba ingeletwa na nani?"

Koleta alijifunika uso kwa kanga. Alicheka huku machozi yakimtoka. Kumbe muda wote ule alikuwa akiilaumu sindano bure!

"Mkikaa pamoja mwaka mzima na bado, njooni tuwapime," nesi alisema. "Wote wawili, siyo wewe peke yako."

Jioni Koleta alimweleza mumewe yote. "Baba Julieth, nakutaka hapa nyumbani," alisema.

"Basi msimu ujao mizinga ataikagua mdogo wangu Octavian," Mayala alijibu. "Mimi nipo."

Mwaka uliofuata Koleta alijifungua mtoto wa kiume, Anton. Nesi Bertila alimwonyesha njia za kupanga uzazi: vidonge, kitanzi cha ndani ya kizazi, kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, sindano. Safari hii Koleta aliuliza kwanza.

"Nikitoa kijiti, mwili unarudi lini?"

"Mapema. Hauchelewi kama kwenye sindano."

"Basi nipe kijiti. Anton akikua, tutakitoa."

Jumamosi Koleta alifua tena kofia na soksi. Safari hii zilikuwa chafu kweli.